Uzi Kifuani mwa Mzee Mwakalobo

Mchana, ukungu ukishatua, wagonjwa wote wa Kisyelo huvuta pumzi pamoja.

Hili siyo jambo la kusimuliwa, unalisikia mwenyewe. Unasimama pale njia panda, nyumba zimetawanyika kwenye migomba, hii huku, ile kule ng'ambo ya korongo, halafu unasikia kilima kizima kinaingiza hewa. Kimya kidogo. Kisha kinaitoa, taratibu, kama mtu mmoja mkubwa amelala chini ya majani. Mgeni nywele zinamsimama. Wenyeji walishazoea, wengine wanalifanyia utani kabisa.

"Mimi siku hizi sina haja ya saa," alisema Bi Ngwisa, akimnyooshea Tupokigwe kikopo chenye makohozi. "Nikikohoa najua Mwasomola naye kakohoa kwake. Maisha yangu yote sikutaka hata kumsalimia yule mwanaume. Leo tunakohoa pamoja kama kwaya."

"Si afadhali, bibi. Mmepatana."

"Tumepatana kifua tu. Mdomo bado."

Tupokigwe alicheka, akakifunga kile kikopo, akakitia kwenye mkoba wa kituo cha afya. Kazi yake ndiyo hiyo: kupita nyumba kwa nyumba, kuhakikisha kila mgonjwa amekunywa tofali lake kwenye uji wa asubuhi, kuchukua makohozi, kurudi kuyapima.

Tofali ni unga mweupe usio na ladha. Watu wa Kisyelo waliupa jina hilo kwa sababu ndivyo walivyoelezwa siku ya kwanza, na hawakuona haja ya kutafuta jina jingine. Kidudu cha homa ya kifua kimejengwa kama nyumba. Kina ukuta, ukuta una matofali, na matofali hayo kinayaokota moja moja ndani ya mwili wako. Kikitaka kuzaa kinarefuka kwanza, kisha katikati kinajenga ukuta wa kugawa chumba. Vyumba viwili vinaachana, vinakuwa vidudu viwili, kila kimoja kinakwenda na njia yake. Dawa za zamani zilikuwa zinabomoa ukuta. Vidudu vikazizoea, dawa zikawa kama maji, na watu walikufa mpaka kuna vijiji vilibaki na mbwa tu.

Ndipo likaja tofali. Tofali halibomoi kitu. Ni tofali la kawaida lililobadilishwa kidogo sana, upande mmoja tu, kidudu hakishtuki. Kinalipokea, kinajengea. Kwenye kuta za pembeni linashika vizuri. Kwenye ule ukuta wa katikati halishiki. Basi kidudu kinarefuka, kinarefuka. Ndani yake kila kitu kimeshanakiliwa mara elfu, kila chumba kimeshapangwa, kinachosubiriwa ni ukuta, na ukuta hauji. Kidudu kinakuwa uzi. Uzi unajiviringisha mapafuni, unatulia. Ni mrefu mno kurushwa hewani na kikohozi, kwa hiyo hauambukizi mtu. Mgonjwa anabaki nao, anaishi nao, analima, anagombana na majirani.

Hilo la kuvuta pumzi pamoja halikuwa kwenye maelezo. Daktari Shekalaghe, bosi wao kule wilayani, alisema kidudu kinapogawanyika ndipo saa yake inapoanza upya. Nyuzi hizi zote zilitoka kwenye mlipuko mmoja na hazijagawanyika tangu hapo, kwa hiyo zote zimesimama kwenye dakika ile ile. Alisema hivyo, kisha akasema kwa kweli hata yeye halielewi vizuri.

Tupokigwe alipomaliza mzunguko alishuka kwa njia ya nyuma, ile inayopita ubavuni mwa chumba cha baba mkwe wake. Alishajifunika kanga usoni kabla hajafika, kama kawaida. Tangu aolewe hajawahi kuuona uso wa mzee Mwakalobo. Hajamtaja jina, hajakaa naye chumba kimoja. Vijiji vingine wameshaacha hayo mambo ya ukwe, wanasema ni ya kale. Kisyelo, baada ya yale maafa, waliyarudia kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyeunguliwa na nyumba akabaki ameshikilia sufuria moja. Mzee alikuwa na chumba chake na mlango wake wa nje. Kati ya chumba hicho na jiko ni ukuta wa mbao, na maneno yote ya mkwe na mkwewe yalipitia hapo, tena siyo moja kwa moja. Tupokigwe anamwambia mtoto, mzee anamjibu mtoto. Mtoto asipokuwepo wanamwambia paka.

Alikuwa usawa wa dirisha kilima kilipovuta pumzi. Akaisikia ya mama mkwe wake huko jikoni, mgonjwa kama mumewe, ikaenda pamoja na nyingine.

Nyuma ya ule ukuta wa mbao, kimya.

Akasimama. Kilima kikatoa pumzi. Wote walipokwisha kabisa, ndipo ndani ya chumba mtu akavuta pumzi ndefu, safi, ya peke yake.

*

"Mwambie babu ateme kwenye hiki," Tupokigwe alimwambia binti yake.

Lugano alikuwa ndiyo kwanza anajiandaa kuanza shule, na tayari alikuwa na sauti ya mwenye nyumba. Akakichukua kikopo, akaingia kwa babu yake bila hodi.

"Mume wangu, mama kasema uteme."

"Mke wangu wewe ukoje," ilisikika sauti ya mzee, nene, ya furaha. "Wenzio wanawaletea waume zao chai. Wewe unaniletea kopo."

"Chai utapata ukishatema."

"Haya. Mwambie mama yako makohozi yenyewe siku hizi ya kutafuta. Kifua kimekuwa chepesi kama cha kijana."

Tupokigwe alisikia, akatabasamu, kisha tabasamu likamganda. Mzee Mwakalobo alikuwa mtu wa maneno machache. Wakati mwingine ilikuwa inapita wiki ukuta ule haujasema kitu.

Kituoni hakukuwa na mtu. Alitengeneza kioo, akatia rangi, akainama kwenye darubini. Uzi wa mgonjwa wa Kisyelo unafanana na unywele: laini, mmoja, hauna mwanzo. Tupokigwe alishaangalia nyuzi nyingi kiasi kwamba angeweza kuzichora amefumba macho.

Alichokiona kilikuwa kama muwa. Pingili, pingili, pingili. Kila mahali palipokuwa panasubiri ukuta, ukuta ulikuwa umekuja. Pembeni kabisa, kwenye ncha, pingili ya mwisho ilikuwa imeshikilia kwa kitu chembamba kama mate. Akiwa anaangalia, ikaachia. Ikatulia kidogo kama mtu aliyeshuka kwenye gari mji asioujua. Halafu ikaondoka.

Tupokigwe aliinua kichwa. Chumba kilikuwa kile kile, na madawati yake, na saa ukutani. Akajikuta ameziba pua na mdomo kwa kanga.

Akapiga simu wilayani.

"Umeona pingili," alisema Daktari Shekalaghe baada ya kumsikiliza. Hakuuliza.

"Nimeona."

"Zinaachia?"

Tupokigwe akaitazama darubini.

"Mama Lugano. Zinaachia?"

"Nimeona moja, daktari. Moja tu."

"Zikianza hazina moja tu." Upande wa pili ikasikika kalamu inawekwa mezani. "Anakunywa mtindi huyo?"

"Tulishawakataza wote. Mimi mwenyewe ndiye niliyepita nikakataza."

"Sikuulizi walikatazwa na nani. Vile vidudu vya mtindi vina kuta zao, zenye matofali ya kweli. Vikifia tumboni vinayaacha matofali pale, mazima, tayari kwa kujengea. Uzi umekaa na njaa muda wote huo. Hata kikombe kimoja kwa siku unatosheka."

Tupokigwe aliangalia mikono yake. Mtindi wa nyumbani kwao anautengeneza yeye. Mkono wake unasifiwa, majirani wanaleta vibuyu vyao aviwekee mbegu.

"Utaratibu unaujua," daktari alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kivunja cha uzi kiko kwenye friji."

"Kwa mtu mzima wa umri ule?"

"Uzi ukipasuka wote kwa mara moja unamwaga kila kilichomo ndani yake. Vijana wanaugua wanapona. Wazee..." Akaiacha hapo. "Na wewe nisikilize. Utamkuta mzima kuliko wewe. Ndiyo ubaya wake. Kule bondeni tulikuwa na mama mmoja, uzi wake ukakatika, akaamka kitandani kama hajawahi kuugua. Akajipaka mafuta, akaenda sokoni, anacheka na kila mtu, anakumbatia kila mtu. Akamkumbatia mpaka baba mkwe wake, mtu ambaye hajawahi kumtazama. Lile soko zima tulilizika."

"Alikuwa amefurahi kupona."

"Labda. Au labda siyo yeye aliyekuwa anatafuta watu. Nilimhoji mwenyewe, nikakaa naye, nikamwangalia. Mpaka leo sijui nilikuwa nazungumza na nani."

Tupokigwe alitoa kivunja kwenye friji, vichupa viwili na sindano kama utaratibu unavyotaka, kichupa kimoja cha akiba. Akavaa barakoa. Njiani alijisikia kama mwizi anayerudi kwenye nyumba aliyoibia.

*

Mama mkwe alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alimwona Tupokigwe na barakoa, akaendelea kumenya.

"Mama, nani anakunywa maziwa ya kwenye kibuyu?"

"Wageni. Mtoto." Kisu kikasimama. "Na baba yenu."

"Mama, nilikwambia umwambie."

"Nilimwambia. Siku ile ile uliyosema, kabla hata sijakaa. Akaniuliza, maziwa hayo kayatengeneza nani? Nikasema mkweo. Akasema, nikiyarudisha maziwa ya mkwe wangu watu watasema nimemfukuza, na yeye mwenyewe atalala akijiuliza kanikosea nini. Nitakunywa." Mama mkwe akafuta mikono kwenye kitenge. "Hakuona njia nyingine, mwanangu. Angekuambiaje? Kwa paka?"

Tupokigwe alikaa kwenye kigoda. Akaeleza yote, polepole, kuhusu pingili, kuhusu ile iliyoachia, kuhusu soko la bondeni, kuhusu kivunja. Mama mkwe alisikiliza huku kifua chake kikipanda na kushuka pamoja na kilima.

Upande wa pili wa mbao mtu alikuwa anapiga mluzi.

"Lugano," mzee akaita. "Mwambie mama yako anipigie pasi lile koti jeusi. Nakwenda msibani kwa Mwaipaja. Nalala huko huko na wenzangu."

Lugano, aliyekuwa mlangoni anachezea kifuniko cha sufuria, akamgeukia mama yake. "Babu anataka koti."

"Nimesikia."

"Na wewe, mke wangu mdogo, ujiandae," mzee akaendelea. "Tunakwenda wote, nitakubeba begani. Nimewakumbuka watu. Wote, hata wale wasionipenda."

Msiba wa Mwaipaja ulikuwa wa kilima kizima na vilima vya jirani. Watu wangekaa bega kwa bega chini ya maturubai, wangelala kwenye mkeka mmoja, wangekula sahani moja, wangelia shingoni mwa wenzao. Tupokigwe aliwaona wote pale, mmoja mmoja, na pumzi za mzee zikiwapitia.

"Mama," alinong'ona. "Huyu ndivyo alivyo?"

"Una maana gani?"

"Mimi simjui. Sijui hata pua yake ikoje. Wewe ndiye unayemjua. Huyo anayepiga mluzi ni baba?"

"Ni mume wangu, unataka awe nani?" Alikichukua kisu tena, akakiweka tena. "Mtu kaugua, kapona, anataka kwenda kumzika mwenzake waliyekua naye. Na wewe umekuja kumuua kwa sababu ya kitu ulichokiona kwenye kioo."

"Sijasema namuua."

"Kwa hiyo hiyo sindano ni ya mapambo."

Lugano akaondoka na kifuniko chake, akaenda kukipigia ngoma kule nje. Kilima kikavuta pumzi. Baada yake, peke yake, mzee.

"Asubuhi aliniita jina langu la usichana," mama mkwe alisema mwishowe, sauti imepungua. "Hajawahi kuniita hilo jina tangu tuoane. Sikujua hata kama analikumbuka. Nilifurahi, mwanangu. Halafu nikaogopa, halafu nikajisuta kwa kuogopa." Akamtazama Tupokigwe, na macho yake yalikuwa yanaomba kitu, ila haikujulikana ni kipi. "Usiniulize tena mimi."

Tupokigwe alizunguka nyumba kwa nje.

Kutoka mlango wa jiko mpaka mlango wa mzee ni mwendo wa kutupa maji machafu, lakini aliuona mrefu. Alijua anachokitaka. Alitaka akifungua ule mlango akutane na macho. Akute mzee amemgeukia, anatabasamu, anamwambia karibu mwanangu, kaa hapa karibu yangu, kama yule mama wa sokoni. Kitu kile hakikulelewa Kisyelo, hakijui ukwe, hakijui haya. Kikimtazama usoni atajua kwamba mzee alishaondoka, na atakachokichoma siyo mtu. Aliomba hivyo. Aliomba atazamwe.

Akaondoa kanga kichwani, uso umebaki na barakoa tu, akafungua.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo cha dirishani, ananyoa ndevu. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake. Kivuli cha mlango kilipomfikia, mkono ulishtuka, wembe ukaanguka, na kabla Tupokigwe hajaona hata shavu, mzee alishageuka. Alijivuta mpaka kona ya chumba, akapiga magoti, akavuta blanketi la kitandani akajifunika nalo kichwa. Paji la uso aliligandamiza kwenye mbao. Mabega yaliinama kwa haya.

Paka alikuwa juu ya kitanda, anajilamba.

"Paka," mzee alisema kutoka ndani ya blanketi, na sauti haikuwa na mluzi tena. "Mwambie mama Lugano huo mlango siyo wake. Labda ukungu umempoteza."

Ni yeye. Ni mzee Mwakalobo mwenyewe, mzima, na akili zake zote, anamheshimu mkwe wake.

"Paka," Tupokigwe alisema. "Mwambie baba sijapotea."

Kisha akamwambia paka kila kitu. Alieleza tofali, na uzi, na pingili, na maziwa, na kivunja alichokuja nacho. Alipofika kwenye maziwa ilibidi arudie. Mzee hakumkatiza. Wakati mwingine blanketi lilitikisika, labda alikuwa anaitikia.

"Muulize," alisema mzee. "Nikienda kwa Mwaipaja, nani ataugua?"

"Mwambie wote watakaokaa karibu naye. Na watakaokaa karibu na hao."

"Na dawa?"

"Mwambie kwa hao haipo. Kivunja kinapasua uzi tu, na hata tofali halitawasaidia tena. Kidudu kikishalikataa mara moja hakirudi nyuma."

Nje Lugano alikuwa bado anapiga kifuniko.

"Hizi nguvu ninazozisikia, paka. Muulize ni zangu?"

"Mwambie sijui."

"Na mimi sijui." Akashusha pumzi, ile ya peke yake. "Leo nimeamka natamani watu. Nilikuwa nimelala hapa namwaza Mwasomola, mpaka machozi. Mimi na Mwasomola wapi na wapi. Mimi katika maisha yangu sijawahi kutamani watu, mke wangu anajua, nilikuwa nakwenda msibani nakaa nyuma ya nyumba. Nikajiambia labda ndiyo kupona kulivyo. Nilikuwa nimesahau kupona kulivyo." Akalivuta blanketi zaidi. "Kwa hiyo mambo haya mawili yamo humu ndani pamoja. Na hayajaweka ukuta katikati."

Tupokigwe alikuwa analia, barakoa imelowa.

"Mwambie mama Lugano," mzee alisema, "maziwa yalikuwa mazuri. Asije akaacha kutengeneza."

Halafu, bila kugeuka, bila kulifunua blanketi, akanyoosha mkono wa kushoto nyuma yake, kiganja juu, kama mtu anayepokea kitu gizani. Mkono wa mwanaume wa jembe, mishipa imesimama.

"Paka. Mwambie achome."

Angeweza kukataa. Angeweza kumpa tofali mara mbili zaidi, akamfungia mlango, akasema uongo wilayani, akangoja. Alifikiria hayo yote akiwa ameshikilia chupa. Kama angekuwa amekutana na kile kitu, mkono wake ungekwenda wenyewe. Sasa mbele yake alikuwa baba wa mume wake, amepiga magoti ili asimwaibishe. Na kule nje kuna mtoto anayepanda kitandani kwa babu yake kila siku na kikombe.

Akamshika. Ngozi ilikuwa ya moto. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Akachoma juu kidogo ya kiwiko, kwa ndani, akasukuma mpaka mwisho.

"Ndaga," mzee alimwambia paka. Asante.

Haikuchukua muda. Alipumua kama mtu anayepanda kilima, kisha kama mtu aliyefika. Mwili uliegemea mbao na ukabaki hivyo, paji la uso ukutani. Tupokigwe hakumgeuza. Haikuwa haki yake. Akatoka kinyumenyume, akamwita mama mkwe aje amfumbe macho.

*

Mama mkwe aliingia, akakaa huko. Hakupiga yowe. Tupokigwe alivua barakoa, akanawa mikono mpaka sabuni ikaisha mkononi, akakaa kwenye kizingiti cha jiko. Alijua kuna kazi: kumpigia mume wake aliyeko safarini, kuwajulisha majirani, kumwambia daktari. Alikuwa hawezi kuamua ianze ipi.

Ukungu ulikuwa umepanda mpaka uani. Ndani yake akasikia hatua za watu.

Wa kwanza alikuwa Bi Ngwisa, na fimbo yake. Nyuma yake Mwasomola. Nyuma yao wengine, wagonjwa wake wote, wale anaowapitia kila siku, wanatoka kwenye migomba mmoja mmoja na kusimama uani. Wengine walikuwa wametoka walivyo, mama mmoja bado na unga mikononi. Wote walikuwa wanatembea wameshika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, kwa ndani. Wanapasugua, kama mahali pameumwa na mdudu.

"Tumekuja kumlilia," alisema Bi Ngwisa.

"Nani kawaambia, bibi?"

Bi Ngwisa aliusugua tena mkono. "Tulikuwa tumekaa tu, mara tukajua," alisema.

Tupokigwe alisimama ili awapokee, kama mke wa nyumba anavyopaswa. Mwanga wa jikoni ukamwangukia usoni. Hakuwa amejifunika, kanga aliiacha kule chumbani.

Bi Ngwisa akageuza uso.

Aligeuza haraka, kwa haya, akaziba macho kwa kiganja. Mwasomola akageuza. Yule mama wa unga, na kijana aliye nyuma yake, na wengine waliokuwa ndiyo kwanza wanatokea kwenye ukungu, bado hawajamwona, wote wakageuza nyuso zao, wakasimama wamempa mgongo, mabega yameinama. Nyuma yake, ndani ya nyumba, mama mkwe alikuwa ametoka chumbani. Tupokigwe alipogeuka alimkuta amesimama jikoni, paji la uso ameligandamiza kwenye ukuta wa mbao.

"Mama," aliita. Mama mkwe hakugeuka.

Hofu aliyoipata haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa inashuka taratibu, kama maji baridi. Hao walikuwa wagonjwa, alijiambia. Wana uzi. Wana saa moja, dakika moja, na mzee alikuwa mmoja wao, na labda aliyekuwa ndani ya blanketi lile hakuwa peke yake, na labda haya yake yamepata pa kwenda. Alijiambia hivyo kwa sababu ni jambo linaloweza kuelezwa. Wote hao wanakunywa tofali. Nyuzi zao ni nzima. Kesho wataamka kama kawaida.

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kimenyamaza. Hakukumbuka kimenyamaza lini.

"Lugano," aliita.

Mtoto alikuwa kwenye kona ya uani, karibu na rundo la kuni, amechuchumaa. Lugano hakuwa mgonjwa. Hakuwahi kunyweshwa tofali hata siku moja. Asubuhi alikuwa amekimbia, ameimba, ametukana kuku, amepeleka kikombe kitandani kwa babu.

"Lugano, mwanangu. Njoo kwa mama."

Mtoto aliinua kichwa aliposikia sauti. Macho yao yalikutana kidogo tu. Kisha Lugano akajivuta nyuma ya kuni, akajifunika uso kwa gauni lake, na kwa sauti ya chini, ya heshima, akaanza kumwita paka.